Safu ya Wapagazi na Safu ya Vibanio

Mtu atokaye Tabora akaelekea mashariki, kwa njia ile ya zamani iendayo Ugogo na pwani, hufika Kigwa. Jina hili si geni katika vitabu vya safari. Burton na Speke walipita pande hizo mwaka 1857, kabla ya kuingia Kaze tarehe 7 Novemba; na Stanley naye alipita Kigwa mwezi wa Juni 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone. Siku hizi Kigwa ni kata katika Wilaya ya Uyui, na watu wa pande hizo ni wakulima wa mahindi na tumbaku, na warina asali. Walakini leo hatukukusudia kuandika habari za wageni waliopita. Twataka kuwakumbuka waliobeba mizigo.

Njia ile ilikuwa nyembamba, haikutosha watu wawili kwenda sambamba. Kwa hiyo wapagazi walikwenda mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mzigo wake wa kiasi cha frasila mbili, na mbele yao akaongoza kirangozi. Msafara mkubwa ulikuwa na watu mamia, na pengine zaidi ya elfu. Sasa fikirini, ndugu wasomaji: katika safu ya namna hiyo, aliye mbele akijikwaa, wote humrundikia; na aliye nyuma hata akisukuma kwa nguvu zake zote hafanyi kitu ila kuwabana wenziwe. Waliouendesha msafara wakausalimisha hawakuwa wale waliosukuma kutoka nyuma. Walikuwa wale waliojua kuipigia safu ngoma, ili kila mtu ainue mguu wake kwa wakati wake.

Huenda msomaji akatuuliza haya yana uhusiano gani na hospitali. Yana uhusiano mkubwa, na twaomba atuvumilie kidogo.

Uko upasuaji ambao siku hizi wengi huuita upasuaji wa matundu madogo. Daktari hapasui tumbo kwa kisu kirefu. Hutoboa matundu matatu au manne, yenye upana wa milimeta 5 au 10, akalijaza tumbo gesi ya kaboni ili ngozi na nyama ziinuke, akaingiza kamera katika tundu moja, na katika mengine akaingiza makoleo na mikasi yenye shingo ndefu. Kazi yote huifanya akitazama kioo cha televisheni. Kurt Semm wa Ujerumani aliondoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980. Mwenzake, Erich Mühe, aliondoa mfuko wa nyongo tarehe 12 Septemba 1985 katika mji wa Böblingen, na alipowaeleza madaktari wa nchi yake hakusifiwa, bali alidharauliwa. Ilipofika mwaka 1992 ndipo chama chao kilipompa heshima yake. Naye Philippe Mouret alifanya kazi kama hiyo mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1987, na kutoka hapo habari ikaenea duniani.

Faida yake kwa mtu wa kazi haihitaji maneno mengi. Aliyepasuliwa kwa kisu kirefu chini ya mbavu hulala hospitali siku kadhaa, na huambiwa asiinue kitu kizito kwa majuma mengi. Aliyepasuliwa kwa matundu, mambo yakienda vema, huweza kurudi kwake siku ya pili yake, na haimchukui muda mrefu kulishika jembe tena. Mwenye mshahara wa mwezi aweza kustahimili majuma sita ya kukaa kitandani. Mkulima wa tumbaku hawezi, kwa sababu tumbaku iliyoiva haimngoji mtu: majani huchumwa kwa siku zake, na moto wa banio hukeshewa usiku na mchana. Kwa hiyo yasidhaniwe kuwa ni mambo ya anasa ya watu wa miji mikubwa. Mtu wa Kigwa anayahitaji zaidi.

Basi katika kuuondoa mfuko wa nyongo, upo mrija mmoja na mshipa mmoja wa damu ambao lazima uzibwe kabla haujakatwa. Zamani daktari aliufunga kwa uzi, vidole vyake vikiwa ndani ya tumbo. Kwa tundu la milimeta 10 vidole haviingii. Hapo ndipo kinapohitajika kibanio: kijidude cha madini ya titani, kilichopindwa kama herufi V au U, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Daktari hukibana juu ya mrija kwa koleo lenye shingo ndefu, kikakaa humo maisha yote ya mgonjwa. Kwa desturi huweka viwili upande unaobaki mwilini na kimoja upande unaotolewa, kisha akakata katikati. Kibanio kikiteleza, nyongo huvuja tumboni, au damu humwagika mahali ambapo daktari hana mkono wa kuizuia.

Fikra yenyewe ni ya zamani sana. Kitabu cha Sushruta, mganga wa Bara Hindi, chaeleza jinsi ya kuufunga utumbo kwa vichwa vya chungu weusi wakubwa. Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki imesemwa mara nyingi kwamba siafu wametumika vivyo hivyo, wakaachwa waume kingo mbili za jeraha, kisha wakakatwa kiwiliwili na taya zikabaki. Harvey Cushing wa Marekani alitumia vibanio vya fedha katika mishipa ya ubongo mwaka 1911. Hata hivyo, siafu hana shida ya kuwafuatanisha wenzake ishirini ndani ya bomba la milimeta 10. Shida hiyo ni ya mwanadamu.

Kwa maana daktari hapendi kulitoa koleo nje kila mara, akatiliwa kibanio kingine, akalirudisha. Kila safari ya kutoka na kuingia ni dakika iliyopotea, na pengine damu inatoka. Kwa sababu hiyo mafundi walitengeneza koleo lenye akiba ndani yake, kwa kawaida vibanio 15 hadi 20 vilivyopangwa safu moja katika mfereji wa shingo. Daktari akiubonyeza mpini, kibanio cha mbele hufungwa; akiuachia, kingine huingia katika mataya. Karani yeyote aliyetumia stepla ofisini anaijua fikra hii. Na karani huyo huyo anajua pia jinsi stepla inavyokwama, ikatema pini mbili kwa pamoja, au ikatoboa karatasi bila pini yoyote. Tofauti ni kwamba karani hupotewa na karatasi tu.

Hebu tuyatazame mambo yanavyokwenda ndani ya koleo, kwa sababu hapa ndipo penye fundisho kwa mafundi wetu.

Namna iliyo rahisi kufikirika ni kuweka springi nyuma ya safu, isukume vibanio vyote mbele. Lakini nguvu ya springi hufuata kiasi ilivyobanwa. Tuchukue mfano: safu ya vibanio ina urefu wa sentimeta 10, na springi imebanwa sentimeta 12 koleo likiwa limejaa. Ikifika kibanio cha mwisho imebaki imebanwa sentimeta 2 tu, yaani nguvu yake imekuwa sehemu moja ya sita ya ile ya mwanzo. Hapo fundi yu katika mashaka. Akiweka springi kali ili kibanio cha mwisho kifike, vile vya mwanzo hubanwa mno, miguu yao ikatanuka na kukwaruza kuta za mfereji. Akiweka legevu, vya mwisho haviji. Dawa mojawapo ni springi ndefu na laini, iliyobanwa tangu mwanzo sentimeta 30. Mwisho wa safu itakuwa na 20, na nguvu itakuwa imepungua kwa theluthi moja peke yake.

Hata hivyo bado ni safu inayosukumwa kutoka nyuma, na kosa dogo la kila mmoja huongezeka juu ya kosa la mwenzake. Vibanio 20, kila kimoja kikizidi kipimo kwa sehemu moja ya mia ya milimeta, safu nzima huwa imezidi sehemu mbili za kumi. Katika mataya ya milimeta 5 hicho si kidogo. Kwa hiyo mafundi wengine waliacha kusukuma wakafuata ile hekima ya ngoma: wameweka ngazi nyembamba ndani ya shingo, yenye ndoano ndogo kwa kila kibanio. Mpini ukibonyezwa na kuachiwa, ngazi huenda mbele na kurudi, na kila ndoano husogeza kibanio chake hatua moja, isimguse jirani. Aliye nyuma hambani aliye mbele. Sisi twaiona namna hii kuwa bora, ingawa sehemu zake ni nyingi zaidi na kila sehemu yataka kutengenezwa kwa uangalifu.

Baada ya safu kuna ulimi mwembamba ambao hukichukua kibanio cha mbele na kukiingiza katika mataya, na hapa utaratibu wa nyakati ni jambo la lazima. Mataya yafunguke kwanza. Kibanio kiingie na kukaa katika vijia vyake. Ulimi uondoke njiani. Ndipo mataya yafunge, ncha zikikutana kabla ya kiuno ili mrija usiteleze nje. Likitangulia moja mahali pa jingine, kibanio huanguka tumboni, au miguu yake hupishana kama mkasi na kuukata mshipa uliokusudiwa kufungwa. Ndugu zetu wa reli wanaufahamu utaratibu huu kuliko watu wote. Tangu reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, treni haiingii katika kipande cha njia mpaka ijulikane ya kuwa kipande hicho hakina treni nyingine, na dereva haondoki kwa kubahatisha. Koleo nalo lahitaji mkuu wa stesheni wake. Ndiyo maana katika mpini huwekwa meno ya kuzuia kurudi: ukianza kubonyeza, huwezi kuachia mpaka ufike mwisho, ili daktari asifunge nusu kisha akaita kibanio cha pili juu ya cha kwanza.

Upo pia mlango wa mwisho, nao ndio tunaoutilia mkazo kuliko yote. Akiba ikiisha, koleo likatae kufunga. Mataya matupu yakibana mshipa yaweza kuuponda au kuukata, na daktari anayetazama kioo aweza kudhani ameweka kibanio. Koleo lisilo na kizuizi hiki, na lisilo na dirisha la kuonyesha vimebaki vingapi, halifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Sasa natufanye hesabu kidogo. Mwuzaji akikuambia kwamba vibanio 99 katika kila 100 huingia sawasawa, utaona kuwa ni sifa njema. Lakini upasuaji mmoja wa mfuko wa nyongo huweza kutumia vibanio sita. Bahati ya vyote sita kuingia bila kosa ni 99 kwa 100, mara 99 kwa 100, hivyo hivyo mara sita. Nayo yafika kiasi cha 94 katika 100. Yaani wagonjwa karibu sita katika kila mia watapatwa na kibanio kilichokosea. Na koleo zima la vibanio 20 litamaliza akiba yake bila kosa mara 82 tu katika 100. Ikiwa ubora ni 999 katika 1,000, koleo litamaliza salama mara 98 katika 100. Kwa hiyo mtu asiseme ya kuwa fundi anayehangaika na sehemu ya mia ya milimeta anajisumbua bure.

Hapa twataka kuingia katika historia kidogo, kwa kuwa inafunua jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mashine ya kwanza ya kushona mwili kwa pini ilitengenezwa Budapest mwaka 1908 na Hümér Hültl pamoja na fundi Victor Fischer. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3, na kuiunga kulichukua muda wa saa mbili. Mwenzao Aladár Petz akatengeneza iliyo nyepesi kuanzia mwaka 1920. Baada ya vita kuu ya pili Warusi wakafungua mjini Moscow chuo kizima cha kubuni vyombo vya upasuaji, na mashine zao zikawa za chuma kigumu, za kutumika miaka mingi. Ila pini zilipangwa kwa mkono, moja moja, na wauguzi. Mark Ravitch, daktari wa Marekani, aliziona alipozuru Kiev mwaka 1958, akarudi na moja kwao. Wamarekani wakaongeza jambo moja: wakaziweka pini katika vikasha vilivyokwisha kupangwa kiwandani. Kazi ya wauguzi ikapungua na makosa yakapungua, hilo hatulikatai. Lakini tangu siku hiyo hospitali ikawa haimiliki mashine tena; inamiliki mpini, na kila mgonjwa yampasa kununuliwa kikasha. Hatua iliyofuata ni koleo zima la plastiki, litumiwe kwa mgonjwa mmoja na kutupwa.

Koleo la kutupwa limebuniwa kwa nchi iwezayo kutupa. Likifika mahali ambapo fedha ni haba, halitupwi. Huoshwa, likatiwa katika dawa, likatumika tena na tena. Hili hufanyika katika nchi nyingi maskini, na wanaolifanya si wazembe, bali ni watu wanaomtazama mgonjwa mbele yao na sanduku tupu nyuma yao. Lakini mfereji wa vibanio haukutengenezwa ili uoshwe. Brashi haiingii. Damu huganda humo, chumvi ya maji ya dripu hukauka juu ya ndoano, na plastiki iliyoingizwa katika mtungi wa mvuke wa nyuzi 134 hupinda. Kisha kibanio kikikwama hulaumiwa muuguzi. Sisi twasema lawama hiyo imeelekezwa mahali sipo. Kosa lilikwisha kufanyika siku ile mbunifu alipokaa mezani akadhani ya kuwa kila hospitali duniani ina ghala lisilokwisha.

Wako watakaosema kwamba dawa ni rahisi: turudie koleo la chuma lisilo na akiba, litiwalo kibanio kimoja kimoja, lioshwe kama kijiko na kudumu miaka mingi. Hoja hii ina nguvu, na kwa sasa ndiyo tungewashauri wale wanaonunua kwa ajili ya hospitali za mikoani, hasa ikiwa daktari amefundishwa vema kufunga fundo la uzi kwa vyombo, kwa sababu daktari ajuaye fundo hashikwi mateka na kikasha cha mtu. Lakini lina dosari zake. Kibanio kilichoshikwa na mataya peke yake huweza kudondoka kikipita katika tundu, na damu inaporuka dakika ya kungoja ni ndefu mno. Kwa hiyo haifai kuridhika nalo milele, na kuwaachia wengine koleo lenye akiba kana kwamba akiba ni haki yao.

Kinachotakiwa ni koleo la namna ya tatu: la chuma, lenye akiba ndani yake, lakini linalofunguka kwa urefu wake wote kama ganda la kunde, ili mfereji, ngazi na ulimi vionekane kwa macho na kusuguliwa kwa brashi. Vibanio vije katika ukanda wa kawaida ambao viwanda vingi vyaweza kuutengeneza, asiwe na mtu mmoja mwenye ufunguo. Springi iwe sehemu inayobadilishwa, yenye tarehe ya kuwekwa. Fundi atauliza kama inawezekana. Sehemu zake zote tumekwisha kuzieleza hapo juu, na hakuna hata moja ambayo haijapata kutengenezwa. Lililobaki ni kuziunganisha kwa kipimo halisi, na hiyo ni kazi ya subira.

Nchi yetu haikosi mahali pa kuianzia kazi hiyo. TEMDO ya Arusha, iliyoundwa mwaka 1980, imekuwa ikitengeneza vifaa vya hospitali, vikiwamo vitanda. SIDO yahudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina wanafunzi wanaobuni vyombo vya tiba, na Muhimbili kina chuo kikuu cha madaktari wanaoweza kuwaambia wanafunzi hao jinsi mkono unavyochoka. Hatusemi kwamba kesho titani itafuliwa Tabora, ingawa wahunzi wa Unyamwezi walifua majembe yaliyouzwa mbali sana katika njia ile ile ya misafara. Twasema kwamba jaribio la kwanza halihitaji kiwanda. Lahitaji utumbo wa mbuzi kutoka kwa mchinjaji, damu ya ng'ombe, jua la kukaushia, na kijana mwenye daftari.

Na jaribio lenyewe lifanywe hivi. Koleo lijazwe, lichovywe damu, liachwe likauke nusu saa, kisha libonyezwe mpaka akiba iishe. Liandikwe kila kibanio kilichoingia, kilichochelewa, kilichokuja viwili viwili na kilichoanguka, na kama koleo lilikataa kufunga lilipokuwa tupu. Lioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida ya wodi, si kwa dawa ya maabara, lipitishwe katika mvuke, na lijazwe tena. Lirudiwe mara hamsini, ambazo kwa koleo la vibanio 20 ni vibanio 1,000. Ndipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Bohari ya Dawa, ambayo ina ghala la kanda hapo hapo Tabora, zitakuwa na karatasi ya kumwonyesha mwuzaji yeyote, wa nje au wa ndani, na kumwuliza la kwake lilikosea mara ngapi katika elfu hiyo, na baada ya kuoshwa mara ngapi.